Naishiwa mafuta kila nikikaribia kutua mwezini. Wazoefu wa gemu za kale, njooni

Fundi_B14

Salaam wakuu.

Mimi ni fundi redio na TV, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya 14. Naitaja kazi mapema asije mtu akaniambia nikacheze mpira wa kwenye simu kama wenzangu. Gemu za siku hizi zinanichosha macho. Nimenasa kwenye moja tu, nayo ni ya 1979: Lunar Lander ya Atari. Mashine yenyewe ya sarafu sijawahi kuitia machoni. Naicheza kwa emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya kale, kwenye kompyuta ya mezani ambayo mteja aliileta 2019, akatajiwa bei ya matengenezo, akasema anakwenda kuchukua hela nyumbani. Bado yuko njiani.

Kwa asiyeijua: skrini nyeusi, milima imechorwa kwa mistari mitupu, hakuna rangi wala muziki, ni mngurumo wa injini tu. Kuna kichombo chenye miguu kinaanguka. Juu unasomewa mafuta, kimo, mwendo wa pembeni na mwendo wa wima. Una vitufe viwili vya kukigeuza na mkono mmoja wa kutia nguvu injini. Kazi yako ni kukishusha salama kwenye sehemu iliyo bapa. Sehemu ngumu zimeandikwa 2X, 3X, mpaka 5X, yaani alama zinazidishwa. Ile ya 5X ni finyu kama mlango wa choo cha uani.

Sasa shida yangu. Huu mwezi wa pili naicheza, kila usiku nikishafunga kibanda, na sijatua hata mara moja kwa haki. Mimi naenda kwa adabu. Tangu juu kabisa naishika injini, sikiachii kichombo kikimbie. Kikianza kuchanganya mwendo tu, nagusa. Kikichanganya tena, nagusa. Nashuka kama mtu anayeteremka ngazi za kisima usiku. Nikifika chini, milima imeshakuwa mikubwa kwenye skrini, kiwanja nakiona kile pale, mafuta sifuri. Kichombo kinadondoka kama dafu. Halafu gemu yenyewe ina kejeli: inakuandikia kwamba umeharibu chombo cha dola milioni mia moja. Mimi redio ya elfu kumi na tano nikiunguza nakosa usingizi.

Na hata nikiwa na mafuta, pembeni kunanishinda. Marehemu baba alikuwa mvuvi pale Sahare, alinifunza kuingiza ngalawa nikiwa mdogo: unashusha tanga mapema, unaiacha ngalawa iserereke, maji yenyewe yanaipunguza, ikigusa mchanga imeshapoa. Mwezini nafanya vilevile. Nakiinamisha kichombo kuelekea kiwanjani, nakisukuma kidogo, naacha. Hakipoi! Kinapita juu ya kiwanja kama daladala iliyojaa.

Jambo la mwisho, hili ndilo lililonileta hapa. Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili, jioni huja kibandani kumngoja mama yake atoke sokoni Mgandini. Kacheza mara nne, mara ya nne katua. Kwenye 2X! Nikamwuliza umefanyaje mwanangu. Akaniambia, "Mjomba, mimi naliacha lidondoke tu, likikaribia ndiyo nalikamata." Nikamwona bingwa. Kesho yake nikamchungulia vizuri, kumbe mkono mmoja uko kwenye kitufe cha 5. Wanaotumia emuleta mnajua, kitufe cha 5 ndiyo kutumbukiza sarafu. Na katika gemu hii sarafu ndiyo mafuta, ukitia moja katikati ya safari unaongezewa. Yaani mtoto yuko angani anajaza tangi kama yuko sheli, bure!

Basi nauliza: hiyo njia yake ya kuliacha lidondoke ina ukweli wowote, au ni maneno ya mtu mwenye mafuta yasiyokwisha? Mimi akili yangu inanikatalia. Kitu kinachokwenda polepole kitatumiaje mafuta mengi kuliko kinachokwenda kasi?

---

Chongoleani_Kwetu

Bomba la mafuta kutoka Uganda linaishia hapahapa Tanga, na wewe Mtanga unalia huna mafuta. Aibu yetu sote.

Wenzetu wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Chombo chako kimekuja leo, kimezikwa leo.

---

Ticha_Bagamoyo

Fundi, nakusalimu kutoka Bagamoyo. Nafundisha fizikia, na swali lako la mwisho nimelikata nikalibandika ubaoni leo asubuhi. Darasa zima lilisema fundi yuko sawa. Mtoto wa dada yako ndiye aliye sawa. Kitufe cha 5 ni dhambi nyingine, tutaijadili siku yake.

Ona hivi. Baiskeli ukiisimamisha mtelemkoni, breki imeshika, hailipi kitu. Inaweza kukaa hapo mpaka Idi. Chombo chako hakina breki ya namna hiyo. Kukaa tu hewani bila kuanguka ni kazi ya injini, na kila sekunde inalipiwa. Mvuto wa mwezi unaongeza mwendo kwa mita 1.62 kila sekunde. Ukielea sekunde 10, umechoma mafuta ya kufuta mwendo wa mita 16 kwa sekunde, na hujasogea popote. Ukishuka kwa mwendo uleule usiobadilika, gharama ni hiyohiyo. Injini haijui kama umesimama au unateremka taratibu, yenyewe inachojua ni kwamba inabishana na mvuto.

Nikupe hesabu niliyoiweka ubaoni. Chombo kiko mita 500 juu, kimesimama. Injini ikifunguliwa yote, ina uwezo wa kubadili mwendo kwa mita 5 kila sekunde, kabla hujatoa zile 1.62 za mvuto. Uzito unaopungua mafuta yakiungua nimeuacha, usinishike hapo.

Fundi anashuka mita 5 kwa sekunde mwanzo mwisho. Safari ni sekunde 100. Mara 1.62, amelipa 162.

Binti anaacha kidondoke. Kinaanguka mita 338 kwa sekunde 20 hivi, injini imezimwa, hajalipa hata senti. Mwendo umefika mita 33 kwa sekunde. Zimebaki mita 162. Anafungua injini yote kwa sekunde 10 kasoro kidogo, kinasimama mlangoni. Amelipa 49.

162 kwa 49. Adabu yako, Fundi, inakugharimu zaidi ya mara tatu.

Na pembeni ni vilevile, ila ugonjwa ni mwingine. Ngalawa ya marehemu mzee ilikuwa na maji ya kuishika. Kule hakuna maji wala hewa. Mwendo wowote unaoutia kulia utabaki uleule mpaka uutie kushoto kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo kila unaposukuma, hesabu umekopa. Kuna nafuu moja: ukikiinamisha chombo na kuchoma, mchomo mmoja unapunguza pembeni na wima kwa pamoja. Usifanye kimoja kimoja.

Ukitaka kuona jambo hili bila kuhangaika na vidole, itafute ile gemu mama, ya maandishi. Iliandikwa 1969, miezi michache tu baada ya Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, na mwanafunzi wa sekondari huko Massachusetts, Jim Storer, kwenye kompyuta ya PDP-8. Haina picha. Unaanza maili 120 juu, unaanguka maili moja kila sekunde, una pauni 16,000 za mafuta. Kila sekunde 10 inakuuliza: uchome kiasi gani? Unajibu 0, au chochote kati ya 8 na 200. Ukikosea sana inakuambia umechimba shimo jipya mwezini, na inakutajia kina chake kwa futi.

Jibu bora la gemu ile linajulikana: sekunde 70 za kwanza usichome kitu. Sifuri, mara saba. Kisha karibu 164, kisha 200 moja kwa moja hadi chini. Hizo sifuri saba wanafunzi wangu hawazivumilii, wa tatu au wa nne wanaingiza 20, "kidogo tu, mwalimu". Ni katika kuitafuta njia hiyo kwa ukamilifu ndipo 2024 jamaa aitwaye Martin Martin akagundua kosa ndani ya programu yenyewe: kwenye hesabu ya sekunde za mwisho kabla ya kugusa chini, mahali fulani palisahauliwa kugawa kwa mbili. Kosa lilikaa miaka 55 watu wakitua juu yake.

---

Mkonge_Damu

Ticha kasema yote ya darasani. Mimi naomba niangalie mikono ya Fundi. Unatumia kibodi, siyo?

Mashine ile ya Atari haikuwa na kitufe cha injini. Ilikuwa na mkono mkubwa, unauvuta kidogo injini inapumua, unauvuta wote inanguruma. Kibodi haina "kidogo". Kwa kitufe, unagusa nguvu inapanda yote, unaachia inashuka yote. Kwa hiyo hata ukijua cha kufanya, pale mwisho unaruka kama panzi. Ingia kwenye mipangilio ya emuleta, sehemu ya vidhibiti, utakuta mwendo wa kupanda na mwendo wa kurudi. Punguza vyote.

Lakini wewe ni fundi wa redio bwana, unaishije na kibodi? Chukua padi ya gemu iliyokufa, zile za kuchomeka kwenye kompyuta. Kile kijiti chake cha kidole gumba ndani yake ni volyumu mbili ndogo, yaani vikinza vinavyobadilika ukivigeuza, kila moja pini tatu. Ng'oa moja, lehemu nyaya tatu, weka volyumu ya redio. Umepata mkono.

---

Fundi_B14

Ticha, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na karatasi. 162 kwa 49 imeniuma. Miezi miwili nachoma mafuta kwa sababu ya woga, naita adabu.

Mkonge, wazo lako limenitoa usingizini. Nilikuwa na padi mbovu kwenye ndoo. Jana nikafungua, nikang'oa kijiti, nikatoa volyumu kwenye redio ya Mchina iliyolowa, nikalehemu. Emuleta ikaiona bila ubishi. Nikacheza. Nikavuta robo: kimya. Nusu: injini inatoa pumzi kama mgonjwa. Nikavuka nusu kidogo tu, ikalipuka yote, kichombo kikapaa juu kama fataki.

Nikakaa nikatazama ile volyumu, nikajicheka mwenyewe. Miaka 20 nabadilisha volyumu za watu halafu nasahau. Volyumu ya sauti haipandi sawasawa. Imetengenezwa kwa ajili ya sikio: nusu ya kwanza inabadilika kidogo sana, nusu ya pili inafidia yote. Nikapima kwa mita, katikati kabisa inasoma kama sehemu moja kwa nane ya ukinzani wake wote. Ukigeuza mgongoni imeandikwa A50K. Hiyo A ndiyo mchawi. Ninayotaka ni ya B, inayopanda kwa mstari, katikati iwe nusu.

Nimeipata leo. Redio kaseti ya zamani, zile zenye vitelezi vitano vya ekwalaiza mbele. Nimepima kimoja katikati, kimesoma nusu kasoro kidogo. Na uzuri wake hakizungushwi, kinavutwa juu na chini, kama mkono wenyewe. Nimekibandikia mpini wa mswaki. Umeme umekatika kabla sijajaribu. Nimekaa gizani nakivuta juu chini kama mwendawazimu.

---

Mzee_Kreni

Nimepita tu, wajukuu ndio hunifungulia. Nimeendesha kreni bandarini miaka mingi, sasa nimepumzika Raskazone, naangalia meli za wenzangu. Gemu hiyo mjukuu kaniwekea juzi baada ya kuona huu mjadala.

Mwalimu kasema kweli, ila hesabu yake ni ya mtu asiyekosea. Kuanza breki mahali pale pale panapotosheleza, si juu wala chini, ukichelewa kupepesa jicho umeshapiga chini. Kontena hatulishushi polepole tangu juu, maana malori yanangoja, na meli haikai bure. Tunaliacha literemke kweli kweli. Lakini likibaki kimo cha mtu mmoja na nusu, tunalikamata kabisa, hapo ndipo upole unapotumika. Upole ni wa mwisho. Fundi unautumia mwanzo, ukifika mahali pake umeshakwisha.

Na pembeni: kitu kinachoyumba hakishushwi. Kitulize kwanza kingali juu, kiwe juu ya mahali pake kimenyooka, ndipo uachie. Wewe nadhani unashuka na kutafuta kiwanja kwa pamoja.

Yule Armstrong mwenyewe, aliyetua na Apollo 11, hakutua kwa njia ya sifuri saba. Kompyuta ilikuwa inampeleka kwenye shimo lenye mawe makubwa, akashika mwenyewe, akakipeleka mbele kutafuta mahali pazuri, akatua amebakiwa na mafuta ya chini ya dakika moja. Angekuwa amechoma juu kwa woga, asingekuwa na ya kutafutia kiwanja. Angekuwa amekata hesabu kama ya mwalimu, asingekuwa nayo pia.

---

Ticha_Bagamoyo

Shikamoo mzee. Nimekubali bila ubishi. Kesho nitaongeza mstari ubaoni: anza breki mapema kidogo kuliko hesabu inavyosema, ile ziada ndiyo ya kukosea.

Niongeze dogo kwa ajili ya kimo cha mtu mmoja na nusu. Chombo cha Apollo kilikuwa na fimbo nyembamba zikining'inia chini ya miguu, urefu wake kama mita 1.7. Fimbo ikigusa ardhi, taa inawaka ndani, rubani anazima injini, kilichobaki kinadondoka chenyewe. Kwa mvuto ule hata hakiumizi.

---

Mzee_Kreni

Marahaba mwalimu. Basi walikuwa na akili za bandarini.

---

Fundi_B14

Shikamoo mzee wangu. Ticha, Mkonge, nawe wa Chongoleani, majibu haya hapa.

Umeme ulirudi saa nne usiku. Kujaribu mara ya kwanza nimefanya kama binti: injini zima, mikono juu ya meza nisije nikagusa. Jamani kungoja kunatesa! Namba za mwendo zinapanda, milima inakuja, kidole kinawasha. Nikavuta nikiwa nimechelewa. Dola milioni mia.

Mara ya pili nikakumbuka neno la mzee, nikatuliza pembeni kwanza. Nikakiinamisha kinyume cha kinakokwenda, nikachoma mchomo mmoja mrefu, mwendo wa pembeni ukashuka ukafika 2. Nikakisimamisha wima, nikaachia. Safari hii nikavuta mapema kidogo. Kitelezi nusu, kikapungua. Robo tatu, kikapungua zaidi. Skrini ikavuta karibu, nikaona miguu yake. Nikarudisha kitelezi mpaka injini inaunguruma chini kwa chini tu, na nikawa nakipandisha nywele moja moja, kama unavyotafuta stesheni usiku. Kikagusa. Sikuamini, nikaendelea kushika mpini wa mswaki.

Ni kiwanja cha kawaida, hakina X yoyote. Mafuta yaliyobaki 140 na ushee. Sarafu moja tu, ile ya kuanzia.

Leo jioni binti kaja. Nimemwambia maneno yake yalikuwa kweli, na hesabu ya Ticha nimemwonyesha, kaielewa upesi kuliko mimi, ila kaikosoa kwamba Ticha hakuweka vizio kwenye 162 na 49. Ticha jibu mwenyewe hilo. Kisha kakaa, kashika kitelezi, kaachia kichombo kidondoke, na mkono wa kushoto nikauona unatambaa kwenda kwenye kibodi.

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mjomba, kitufe cha 5 kimekufa?"

Nikamwambia kimekufa, nimekizima jana kwenye mipangilio, lakini kwa mteja nasema kimeungua ndani. Alete elfu mbili nikitengeneze.